Mjukuu Wangu Hatapelekwa Mlimani

Katika nyumba hii mimi ndiye mwenye neno la mwisho. Ulizeni Ilesa nzima. Nikishasema, hakuna anayeongeza.

Sawa. Neno langu la mwisho huwa ni "haya". Wanangu wanasema, wake zao wanasema, redio inasema, halafu mimi nasema haya na mazungumzo yanakwisha. Lakini ni la mwisho.

Wiki hii nilijaribu neno jingine. 

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita kwa sababu lilifungiwa samaki kabla hajalisoma: nilieleza katika safu hii jinsi Bamitale, mjukuu wangu wa kwanza, alivyokuja kutoka Ibadan, akaketi kwenye mkeka wangu, akaniambia kwamba hatawahi kuoa mwanamke. Kwamba yuko mtu anayempenda, na mtu huyo ni mwanamume kama yeye.

Nilimuuliza kama huyo mtu anajua kupika. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko.

Nikamfuta, nikamwambia wewe ni mume wangu tangu ulipozaliwa, na mimi simwachi mume kwa jambo dogo hivyo. Nilidhani tumemaliza. Sikujua kwamba mama yake alikuwa nje ya dirisha anaanua nguo.

Wapo walionitumia salamu kupitia kwa muuza magazeti, kwamba bibi mwenye akili angemkemea mjukuu wake. Nawajibu: nilimkemea sana. Nilimwambia amekonda.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mama yake alimwambia baba yake, yaani Ajibade, mwanangu mkubwa, shemasi kanisani. Ajibade akamwambia mdogo wake Oyekanmi. Oyekanmi nimemzaa mwenyewe na sina wa kumsingizia, lakini ukimpa siri ni kama umeibandika kwenye ukuta wa soko.

Mama wa kijana naye akawa na ugonjwa wa ajabu. Masikio yake yakaacha kusikia jina lake. Tangu ajifungue anaitwa Mama Bamitale, kama ilivyo desturi, jina la mzaliwa wa kwanza. Ghafla ukimwita hivyo haitiki. Akawaomba majirani wamwite Mama Jolaade, kwa jina la binti yake wa pili.

Mimi nikazidi kumwita la zamani, tena kwa sauti, tena mbele ya watu. Haitiki. Naita tena. Nina pumzi nyingi kuliko mnavyodhani.

Huyo Jolaade ndiye aliyekuwa anaposwa. Jumamosi familia ya mchumba wake Kolapo ilikuwa ije kutoka Akure na mizigo yao ya mahari, na sisi wote wa nyumba hii tuvae kitambaa kimoja, lesi ya buluu. Kwetu sherehe bila kitambaa cha familia ni mkutano tu. Aliyevaa ni wetu, asiyevaa ni mpita njia aliyesikia harufu ya wali.

Kitambaa kilipogawiwa, kila mtu alipata kipande chake. Hata shangazi ambaye hatusemezani alipata. Bamitale hakupata.

 Alisaidia kukunja vya wengine.

Jioni hiyo tukakaa kula. Viazi vikuu vya kutwanga, mchuzi wa mbegu za tikiti, nyama kwenye bakuli moja la katikati. Oyekanmi akaanza. Akaomba maji kwa sauti nyembamba, shingo kaipinda, mkono kaulegeza. Watu wakacheka. Akaona ameuza, akaongeza bidhaa.

"Bamitale, dada yako tunajua anaolewa Jumamosi. Na wewe mume wako anakuja lini? Tujue kama tutahitaji turubai jingine."

Walicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Ajibade hakucheka, lakini hakumkataza. Aliangalia sahani yake kama vile imeandikwa kitu.

Bamitale alikuwa ameshika tonge. Alilifinyanga, akalifinyanga, halikwenda kinywani.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba hii, walisubiri niongeze pilipili.

Nikasema Bamitale hahitaji turubai, ana mke tayari, ni mimi, na sitaki mtu amchokoze mume wangu akiwa mezani. Wakacheka tena. Nikasema safari hii si mzaha. Hapo ndipo walipocheka hasa. Jamani, mtu akichekesha watu miaka yote, siku akiwaka moto watapiga makofi.

Bamitale, ili yapite, akanyoosha mkono achukue nyama. Oyekanmi akavuta bakuli upande wake.

"Pole pole, kijana. Mkono wako hatujui umetoka wapi. Mtengee nyama yake kwenye kisahani, Mama Jolaade."

Mama yake akainuka kutafuta kisahani. Naapa aliinuka.

Hapo lazima niwaambie kazi ya Bamitale. Ni fundi wa meno ya bandia huko Ibadan. Hizi safu mbili ninazotafunia mifupa ya mbuzi, ambazo majirani huniomba nitabasamu wazione, alizitengeneza yeye, akazisugua yeye, akanivalisha yeye.

Nikayatoa. Yote, ya juu na ya chini. Nikayaweka katikati ya meza kando ya bakuli la nyama.

Nikasema maneno mazito kuliko yote niliyowahi kusema maishani mwangu. Nilisema kwamba mikono mnayoiogopa inaingia kinywani mwangu kila siku. Nilisema kwamba huyu ni damu yetu. Nilisema mengi sana, na mazuri.

Tatizo ni kwamba sikuwa na meno. Yalitoka mapovu na upepo. Hakuna aliyeelewa hata moja. Mtoto wa Oyekanmi aliteleza chini ya meza kwa kicheko.

Basi nikaokota meno yangu, nikayasuuza kwenye bilauri ya Oyekanmi, nikayarudisha. Nikarudia, safari hii kwa ufupi.

"Huyu ni mtoto wa nyumba hii. Anayemcheka ananicheka mimi. Anayetaka kumtengea kisahani, anitengee na mimi, maana alichonacho yeye mkononi ninacho mimi mdomoni. Na hiyo mizaha yenu, Oyekanmi, sitaisikia tena nikiwa hai. Nikifa, cheka. Ila usije kwenye mazishi."

Hakuna aliyecheka. Oyekanmi alitazama bilauri yake.

Nikajiona mshindi. Nikachukua nyama mbili kubwa, moja nikampa Bamitale, moja nikaila.

Lakini Ajibade alikuwa anapangusa vidole, taratibu, kimoja kimoja. Namjua. Akipangusa hivyo ameshaamua jambo.

Akasema alitaka kunificha, lakini kwa kuwa mimi mwenyewe nimelileta mezani, basi na tulimalize. Ameshazungumza na watu wa mlimani. Watakuja wiki hii kumchukua Bamitale wakamwombee mpaka apone.



Mlimani tunapajua wote. Kuna nabii na watu wake, wanavaa kanzu nyeupe na hawavai viatu. Lanre, mtoto wa muuza mafuta ya taa hapa mtaa wa pili, alipelekwa huko kwa sababu alikuwa anazungumza peke yake. Alirudi hazungumzi kabisa, peke yake wala na watu. Ana alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, na ukifunga mlango kwa nguvu anajificha.

Nikamuuliza mwanangu kama ndiko anakompeleka mzaliwa wake wa kwanza. Akaniambia kule wanaomba tu. Nikamuuliza wanaomba kwa kamba.

"Mama, nchi hii wanawafunga," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Polisi wakimkamata ni jela, miaka na miaka. Wakimkamata watu wa mtaani hata jela hafiki. Bora nabii. Unadhani nafanya kwa sababu namchukia?"

Bamitale akasimama. Akashukuru kwa chakula, kama alivyofundishwa. Akamwambia baba yake kwa upole, "Baba, mimi siumwi." Akaenda kunawa.

Alfajiri yake nilimtoa kwa mlango wa jikoni, na begi lake, nikampeleka mpaka stendi. Akapanda gari la Ife, kwa mdogo wangu Ayoka, mjane anayeishi na kuku na hana muda wa kushangaa mambo ya watu.

Nyumbani wakauliza yuko wapi. Nikasema ameenda kununua mkate.

"Na begi?" Ajibade akauliza.

Nikasema labda anataka mikate mingi.

Alikuwa salama, lakini hayumo kwenye sherehe. Na hilo ndilo Ajibade na Oyekanmi walilolitaka: sherehe ipite, wageni wa Akure wasimwone, picha zipigwe bila yeye, halafu mlima utamtafuta taratibu. Nilivyoona hivyo, nikagoma.

Fundi cherehani alipoleta nguo yangu ya buluu, imeshonwa vizuri, na kilemba chake, niliikunja nikaikalia. Nikavaa kikwembe changu cha zamani, kile chenye tundu la pasi. Nikatangaza kwamba Jumamosi nitaweka kigoda changu kwenye geti la mbele, na watu wa Akure wakinikuta hapo na matambara yangu wakauliza huyu ni nani, nitawaambia mimi ndiye bibi wa bibi harusi, na kwamba kitambaa cha familia hakikutosha familia.

Tena nikawakumbusha kitu kingine. Binti anapotolewa, mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayemwekea mkono kichwani na kumwombea. Huyo yuko hai, na amekalia nguo yake. Wakwe watauliza. Kwetu wakwe huuliza hata paka amekwenda wapi.

Walinitumia wajumbe. Mama wa kijana alikuja, akaongea na ukuta. Oyekanmi alikuja na soda. Nikanywa soda.

Kisha akaja Jolaade mwenyewe. Huyo sikumtegemea. Akapiga magoti, macho yamevimba.

"Bibi, unaniharibia siku yangu. Bamitale ni nani kwako kunizidi mimi?"

Hilo liliniuma, nisiwafiche. Nikamwambia hakuna anayemzidi mwenzake. Nikamuuliza, picha za Jumamosi utazitazama mpaka unazeeka kama mimi. Pale pa kaka yako aliyekufundisha kusoma, aliyekuwa anakupigania shuleni, utaona nini?

 Aliinuka. Kisha akaondoka bila kuaga, nikajua nimempoteza na huyo.

Baada ya kitambo nikasikia kelele sebuleni. Jolaade alikuwa anamwambia baba yake kwamba bila Bamitale hatoki chumbani Jumamosi, na Kolapo atalipa gari bure. Oyekanmi akajaribu kuingiza neno. Jolaade akamwambia, "Ba'mdogo, wewe nyamaza, uliyekunywa maji ya meno." Nilicheka peke yangu mpaka kigoda kikalia.

Siku iliyofuata Ajibade akaja chumbani kwangu.

Akavua viatu. Akavua kofia. Halafu mwanangu, shemasi, mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni, akalala kifudifudi mbele yangu. Si kule kuinama kwa haraka kwa siku hizi, mkono mmoja kugusa chini basi. Alilala kifua sakafuni, mikono kando, pua kwenye saruji, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi alipokuwa na meno ya utoto.

Akasema ameshindwa. Bamitale aje, avae kitambaa, akae na familia. Watu wa mlimani ameshawaambia wasije, hawatakuja, hakuna atakayemgusa mtoto.

"Nilimbeba mgongoni, Mama," alisema pale chini. "Siku ile ya homa nilimbeba mpaka hospitali kwa miguu. Unadhani mimi sina moyo?"

Kisha akalamba kidole, akagusa ardhi, akakielekeza juu. Hicho ndicho kiapo chetu. Hakuna kingine juu yake.

Nilimwamini.

Mnaweza kunicheka, ila hamkulelewa nilipolelewa. Hapa kwetu mwanamume atakudanganya akiwa amesimama, atakudanganya akiwa amekaa, na akiwa amevaa tai atakudanganya zaidi. Lakini akiwa kifua chini, mbele ya mwanamke aliyemzaa, mwenye mvi kichwa kizima? Huyo haongopi. Sikuwahi kusikia aliyeongopa hivyo. Ningeambiwa yupo ningesema huyo si wa kwetu.

Nikampigia Ayoka simu, akampa Bamitale. Nikamweleza.  Kuku walikuwa wanalia nyuma yake.

"Bibi, una hakika?"

"Amelala kifudifudi, mume wangu. Mpaka chini."

Naye pia alilelewa hapa hapa. Akavuta pumzi.

"Basi nakuja," akasema.

Jumamosi ilikuwa nzuri mno, ndiyo maana naikumbuka vibaya. Turubai lilijaa. Ngoma zinazungumza. Mshereheshaji, mwanamke mwenye kilemba kirefu kama mnara wa simu, aliwatania wakwe mpaka wakatoa hata wasichopanga kutoa. Kolapo na rafiki zake walilala kifudifudi mstari mzima mbele yetu, wakaambiwa hawajafika chini vizuri, warudie.

Na Bamitale alikuwepo. Nguo yake ya buluu ilikuwa imeshonwa, tena inamkaa vizuri. Nikauliza nani kaishona upesi hivyo. Wapishi wakanionyesha kwa macho. Nikaita kwa sauti, mbele yao wote na moshi wao, "Mama Bamitale."

Akageuka. 

"Abee, Mama," akaitika.

Nilimwekea Jolaade mkono kichwani nikamwombea, na meno hayakuteleza hata kidogo. Bamitale alikaa pembeni yangu, kiti na kiti. Mjomba wa Kolapo, mzee wa heshima aliyeongoza watu wa Akure, akampa mkono akamuuliza kazi yake. Akamwambia naye ana jino linalomsumbua. Wakazungumza jino kwa muda mrefu. Hata Oyekanmi alipita na vinywaji akampa Bamitale chupa bila kusema neno, na kwa Oyekanmi kutosema neno ni kama hotuba.

Ajibade tu ndiye hakutulia. Hakula. Kila mara anatazama uani, kwenye geti la nyuma. Nikamuuliza una nini. Akasema ni joto.

Chakula kikaanza kugawiwa. Vijiko vikawa vinagonga sahani upande wote. Ajibade akaja nyuma ya viti vyetu, akainama kwa Bamitale. Akamwomba aende uani mara moja amsaidie kuleta kreti la soda.

Bamitale akainuka mara moja. Ndivyo alivyo, ukimtuma anainuka.

Mimi nikamtazama Ajibade. Vijana wa kubeba soda walikuwa wamejaa pale, wamesimama tu wanakula kwa macho. Kwa nini huyu?

Sikupata kuuliza. Kwa sababu kwenye geti la mbele, katikati kabisa ya wageni, waliingia watu wanne wa kanzu nyeupe, miguu mitupu, mmoja na kengele, mmoja na mfuko wa kitani begani. Uani kulikuwa na masufuria na kuni za wapishi, geti la nyuma lilikuwa halipitiki. Wakazunguka mbele kama watu wastaarabu.

Mdomo wa mfuko ulikuwa wazi. Niliona kamba.

Nikamshika Bamitale mkono. Ulikuwa umeshapoa, naye alikuwa ameshawaona.

Mjomba wa Kolapo, kwa adabu, akamuuliza Ajibade wale ni wageni wa nani, maana hawajatengewa viti.

Ajibade akafuta uso. Tabasamu likaja, ambalo mimi mamake sijawahi kuliona.

"Aa, hao ni waimbaji, mkwe," akasema. "Waimbaji tu. Nimewaita wawaimbie maharusi."

Waimbaji.

Basi na mimi nikafanya ninachokijua. Nikainuka, sikumwachia Bamitale, nikasema kwa furaha kubwa kwamba hii ndiyo zawadi ambayo bibi alikuwa anaisubiri. Nikamwambia mshereheshaji anyamazishe ngoma. Akanyamazisha. Nikamwambia ampe kiongozi wao kipaza sauti, watuimbie wimbo wowote, hata mfupi.

"Mama, tafadhali," Ajibade akaninong'oneza. "Tafadhali, kaa."

Nikamwambia acha, mwanangu, umewalipa bure?

Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa nabii. Turubai zima likamgeukia. Mwenye kengele akaiweka chini. Nabii akakishika kile kitu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nitampa haki yake: ni mtu mbaya, lakini si mwongo. Kuongopa hakukumjia.

"Kuimba?" akasema, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani. "Sisi hatukuja kuimba, Mama. Tumekuja kwa ajili ya mgonjwa, huyo kijana wako. Shemasi alituambia jana kwamba hatarudi nyumbani ila umwite wewe bibi yake. Akasema ukishamwita, tuje wageni wakiwa wanakula. Tunakushukuru kwa kumwita."

Vijiko vikanyamaza.

Nilikuwa nimemkamata mwanangu mbele ya watu wote. Na kwa kumkamata, nilikuwa nimemweka mjukuu wangu mbele ya watu hao hao. Hilo sikulifikiri. Nilikuwa na haraka ya kuchekesha.

Mjomba wa Kolapo akaweka sahani yake chini ya kiti. Akamtazama Ajibade, akamtazama yule mwenye mfuko, akamtazama Bamitale aliyezungumza naye habari za jino.

"Mkwe," akasema taratibu, "umetuambia ni waimbaji. Sasa tuambie, huyu kijana anaumwa nini?"

Jolaade alisimama kwenye kiti chake cha bibi harusi. Mama Bamitale alikuwa mlangoni na sinia, amekwama.  Ajibade alitafuta uongo mwingine, niliona anavyoutafuta, hakuupata.

Bamitale hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi. Mimi niliyempigia simu, mimi niliyemwambia mpaka chini.

Nilikuwa bado nimemshika mkono. Wake ulikuwa haujanishika.